Chumba cha Ndani

DADA: Haloo? Ni nani mwenzangu? Kioo cha simu kimepasuka, jina silioni.

KITINDA: Ni mimi, dada.

DADA: Mimi ni wengi.

KITINDA: Kitinda.

DADA: Ehe, kitinda mimba wa mama. Shikamoo umeiacha wapi?

KITINDA: Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Mbona unaongea kama uko ndani ya mtungi?

(Mtandao unakoroma.)

KITINDA: Mtandao wa hapa unashika kona moja tu. Nikisogea, unapotea.

DADA: Basi ganda hapo hapo. Habari za tangu juzi?

KITINDA: Nzuri. Nzuri sana. Umeshatoka kanisani?

DADA: Nimetoka, nimepitia kibandani. Mstari wote huu makufuli matupu, niko mimi na cherehani yangu. Namalizia suruali ya mlinzi wenu wa kazini. Maskini, kanipigia wiki nzima simpokelei. Nimemwambia kesho mpaka kesho yenyewe imechoka.

KITINDA: Mlinzi...

DADA: Mlinzi kafanyaje? Kanisema?

KITINDA: Hapana. Kuna kitu nilitaka kukuuliza. Kilikuwa hapa mdomoni. Kimenitoka.

DADA: Kitarudi. Wewe si ndiye uliyekuwa ukitumwa chumvi unarudi na kiberiti?

(KITINDA anacheka. Anacheka kwa muda mrefu.)

DADA: Haya, yatosha. Sijasema kichekesho kikubwa hivyo.

KITINDA: Dada, nimefurahi leo.

DADA: Nasikia.

KITINDA: Hapana, sikiliza. Nimefurahi. Ile ya mama leo imekubali.

DADA: Ile ipi?

KITINDA: Ya kucheua.

(Cherehani inasimama.)

DADA: Ngoja niweke mkasi chini. Umesemaje?

KITINDA: Nimekaa, nikatulia, nikacheua. Si ulinipigia kelele mwezi mzima? Ukasema mama hakuwa na siri nyingine ya furaha yake. Alikuwa anachukua neno moja la upendo wa Mungu asubuhi, anakwenda nalo mchana kutwa kama ng'ombe na nyasi.

DADA: Neno halimezwi, linacheuliwa. Ndivyo alivyokuwa akisema.

KITINDA: Basi nimechukua lile lake lile. Nilipendwa kwanza. Halafu ile kabla, kabla.

DADA: (anacheka taratibu) Nilipendwa kwanza, kabla sijafagia uwanja.

KITINDA: Kabla sijapika.

DADA: Kabla sijamsamehe jirani wa kuku.

KITINDA: Huyo jirani alimsamehe kila asubuhi.

DADA: Kwa sababu kuku walikuja kila asubuhi. Endelea, endelea.

KITINDA: Siku zote nilikuwa nachoka njiani. Naanza, kabla sijaamka, kabla sijafika kazini, halafu naanza kuwaza mambo yangu. Unajua tangu tumzike mama nilivyokuwa. Natembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

DADA: Najua. Ulikuwa unakuja kwangu, unakula, unasema ahsante, unaondoka. Niliogopa ile ahsante yako.

KITINDA: Leo nimerudi nyuma. Kabla sijapata kazi. Kabla sijajua kusoma. Kabla sijatembea. Nikafika kabla sijazaliwa. Hapo nikakwama. Nikasema, kabla sijazaliwa nilikuwa sijafanya hata kitu kimoja cha kumfanya mtu anipende. Wala cha kumchukiza. Sina mkono, sina jina. Na nilikuwa nimeshapendwa. Dada, mwili wote ukalegea. Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaona sina haja ya kufanya chochote. Nikae tu hapo.

DADA: Mama angekusikia.

KITINDA: Umelia?

DADA: Pua tu. Vumbi la kitambaa.

KITINDA: Vumbi la Jumapili.

DADA: Nyamaza. Kumbe haikuwa bure.

KITINDA: Zamani nikinyamaza nasikia kimya tu. Naomba, kimya. Kama simu imekatwa upande wa pili. Ndiyo maana niliacha.

DADA: Na mama ulikuwa humkumbuki? Mama ukimwita, aliitika lini? Umeanguka, umelia mamaa, mamaa, kimya. Unadhani hajasikia. Kumbe kaacha chungu, anakuja. Unamwona tu yuko mlangoni. Hakuwa mtu wa kuitika, alikuwa mtu wa kuja.

KITINDA: (polepole) Mtu wa kuja.

DADA: Nilikwambia hayo. Hukusikia kwa sababu ya ile redio ya majirani zako.

KITINDA: Leo redio haiingii. Nimefanya ulivyosema. Nimeingia chumba cha ndani, nimefunga mlango kabisa. Huku haingii hata nzi.

DADA: Ndivyo. Mungu si kwamba hasikii kwenye kelele, ni sisi. Ila wewe nawe, nilikwambia funga mlango ukawa unalalamika, oo, siufungi wote, naegesha na kreti. Nikasema huyu naye, mlango wa chumbani unaegeshwa na kreti ya nini?

KITINDA: Leo nimeitoa.

DADA: Umefanya vizuri.

(Mtandao unakoroma. Ngurumo nyuma yake, haikatiki.)

DADA: Hiyo inayonguruma ni nini? Ni mvua?

KITINDA: Feni.

DADA: Umenunua feni? Lini?

KITINDA: Ziko mbili.

DADA: Mbili za nini chumba chenyewe cha kugeukia kwa zamu? Na mbona unagonganisha meno?

KITINDA: Mtandao huo.

DADA: Mtandao hauna meno, Kitinda.

(Kimya.)

DADA: Kitinda.

KITINDA: Naam.

DADA: Uko wapi?

KITINDA: Chumba cha ndani.

DADA: Cha nyumba gani?

KITINDA: Cha kazini.

DADA: Kazini kwenu kuna— Leo Jumapili.

KITINDA: Zamu yangu. Lazima awepo mmoja wa kuangalia baridi isipande wala kushuka. Kuna chumba cha nje, cha mboga na maziwa. Halafu kuna cha ndani, cha nyama za kuganda. Tunakiita hivyo wote, chumba cha ndani. Uliposema ingia chumba cha ndani ufunge mlango, nikasema huyu dada kanifunulia. Ndipo mahali pekee duniani pasipo na redio.

DADA: Mama yangu.

KITINDA: Huwa navaa koti zito, naweka kreti mlangoni, nakaa kidogo natoka. Wapakiaji wananicheka. Wananiita mchungaji wa nyama.

DADA: Toka humo.

KITINDA: Nitatoka.

DADA: Toka sasa. Nataka nisikie mlango.

KITINDA: Usipandishe sauti, dada.

DADA: Sijapandisha. Sukuma mlango nisikie.

(Pumzi.)

KITINDA: Kuna chuma cha kusukuma ukiwa ndani. Kimeganda. Kilikuwa kinasumbua tangu mwezi uliopita, ndiyo maana ya kreti.

DADA: Ndiyo maana ya kreti.

KITINDA: Ndiyo.

DADA: Na mimi nikakwambia uitoe.

KITINDA: Hukujua.

DADA: Nilikucheka. Nilikwambia Mungu hapigiwi hodi mlango ukiwa nusu wazi. Nilisema hivyo, nikacheka.

KITINDA: Dada, usianze. Mimi ndiye ninayekijua chumba.

DADA: Umevaa koti?

KITINDA: Jepesi. Zito liko msumarini, nje. Nilisema naingia mara moja.

DADA: Na taa?

KITINDA: Swichi iko nje. Nilizima nitulie.

DADA: Uko gizani?

KITINDA: Giza zuri.

DADA: Usiniambie giza zuri. Umempigia msimamizi?

KITINDA: Hapatikani. Jumapili huwa anazima simu.

DADA: Mlinzi je? Si yuko getini?

KITINDA: Yuko upande wa barabarani. Nimegonga mpaka ngumi imechoka. Mlango huu mnene kama godoro. Na mashine—

DADA: Simu yake, mpigie simu.

(Kimya.)

KITINDA: Ndiyo hicho.

DADA: Hicho nini?

KITINDA: Nilichokupigia. Nilitaka namba ya mlinzi. Kabadilisha laini, mimi sina mpya. Nikasema dada anayo, si anamshonea. Nikapiga. Ukaniuliza shikamoo iko wapi, nikasahau.

DADA: Kitinda. Muda wote huu.

KITINDA: Nimekumbuka sasa hivi. Ajabu, eh? Kimerudi chenyewe, kama ulivyosema.

(Anacheka.)

DADA: Usicheke.

KITINDA: Kuna msemo wetu hapa. Anayecheka chumba cha ndani mtoe kwanza, kichekesho atakisimulia nje.

DADA: Maana yake?

KITINDA: Baridi ikishaingia sana inakupa furaha ya uongo. Halafu unasikia joto.

DADA: Wewe unasikia joto?

(Ngurumo. Mtandao unakoroma.)

DADA: Kitinda, nimekuuliza.

KITINDA: Kidogo. Shingoni hapa. Nilikuwa nataka kufungua vifungo.

DADA: Usifungue hata kimoja. Umesikia? Usifungue.

KITINDA: Dada, ina maana ile furaha ni ya baridi tu? Kule kulia kwangu. Kabla sijazaliwa. Vyote ni barafu ilikuwa inanichezea?

DADA: Hapana.

KITINDA: Unajuaje? Hupo hapa.

DADA: Ulipolia ulikuwa unasikia baridi au joto?

KITINDA: Baridi. Miguu ilikuwa inauma.

DADA: Basi hiyo ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Baridi haijui habari za kabla hujazaliwa. Furaha yako naiamini, Kitinda. Joto lako siliamini. Nimekuelewesha?

KITINDA: Umenielewesha.

DADA: Naogopa sana, lakini nimekuelewesha. Andika namba. Sifuri, saba—

KITINDA: Siwezi kubonyeza. Nabonyeza, naona kabisa kwamba nabonyeza, hakuna kinachoandikika. Vidole si vyangu. Kile kitufe kikubwa cha kupokea ndicho ninachokiweza, kwa kidole gumba.

DADA: Ngoja. Ngoja nigonge hapa jirani niazime simu.

(Hatua. Mlango wa bati unagongwa. Unagongwa tena.)

DADA: Hodi. Hodi hapa. Jamani, kuna mtu? Fundi viatu? Hodi.

(Hatua zinarudi. Pumzi za haraka.)

DADA: Hakuna hata paka. Wote wako makwao wanapumzika. Sikiliza, mdogo wangu. Namba naijua kwa kichwa, ila simu ninayo hii hii moja. Lazima nikate.

KITINDA: Hapana.

DADA: Nikate nimpigie, halafu—

KITINDA: Dada, usikate. Nakuomba. Ukikata nabaki na feni.

DADA: Nisipokata utabaki nazo moja kwa moja.

KITINDA: Ongea tu kidogo. Sauti yako inanishika. Ukiongea najua huku ni juu na huku ni chini. Ukinyamaza naona kama naelea.

DADA: Kitinda—

KITINDA: Si ulisema nikae nicheue? Nakaa. Wewe ongea. Mlinzi atapita tu jioni kuzunguka.

DADA: Jioni? Wewe jioni utakuwa umevua mpaka viatu.

(Kimya.)

DADA: Nisamehe. Haya, nijibu. Mama ukimwita, alikuwa anafanyaje?

KITINDA: Kimya.

DADA: Halafu?

KITINDA: Anakuja.

DADA: Kwa nini alikuwa hajibu?

KITINDA: Alikuwa... alikuwa hataki kupoteza muda kujibu. Anakimbia.

DADA: Sasa mimi nitanyamaza. Simu itakufa masikioni mwako na giza litakuwa giza kweli. Ukisikia kimya, jua kimya hicho kinakimbia. Umenisikia? Usikae chini. Una maboksi humo?

KITINDA: Ya nyama.

DADA: Yapasue, jifunge nayo mwilini, na kichwani. Tembea, ukutani mpaka ukutani.

KITINDA: Nikitembea mtandao unakatika.

DADA: Usitembee mbali. Zunguka hapo hapo kama mbuzi kwenye kamba. Na kila hatua sema kabla moja. Kwa sauti, si kwa moyo. Za moyo zitakulaza.

KITINDA: Dada.

DADA: Nini?

KITINDA: Mlango wa nje pia nimeufunga. Kwa komeo, kwa ndani. Ulisema kabisa.

DADA: Nilisema kabisa. Haya. Nitamwambia aje na chuma.

KITINDA: Hatakupokea. Umemzungusha wiki nzima.

DADA: Nakata.

KITINDA: Dada, usi—

(Simu imekatika.)

KITINDA: Haloo? Dada?

(Ngurumo.)

KITINDA: Dada. (Kimya.) Haya. Kinakimbia. Hiki kimya kinakimbia. (Karatasi inachanika.) Nilipendwa kwanza. Kabla sijaingia humu. Kabla sijafunga mlango. Kabla... kabla sijatoa kreti. Kabla mama... Tembea wewe. Kabla sijaajiriwa. Kabla...

(Ngurumo. Hatua zinapungua.)

KITINDA: Nikae kidogo tu.

(Ngurumo.)

(Simu inaita. Inaita. Inakatika. Inaita tena.)

KITINDA: Haloo? Ni nani?

DADA: Ni mimi.

KITINDA: Mimi ni wengi.

DADA: Unanitania au hunijui? Kitinda? Nijibu, unanitania?

(Kimya.)

KITINDA: Dada yangu alikata simu.

DADA: Alikata ili aje. Amekuja. Umekaa chini?

KITINDA: Nimeegemea.

DADA: Umekaa. Nasikia umekaa, sauti inatoka tumboni. Simama.

KITINDA: Pazuri hapa.

DADA: Simama, mtoto wa mama yangu, au nitaanza kuimba, na unajua ninavyoimba.

(Kishindo kidogo. Pumzi.)

KITINDA: Nimesimama. Usiimbe.

DADA: Mlinzi kapokea.

KITINDA: Kapokea?

DADA: Mlio wa kwanza tu. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema, fundi, leo tena kesho? Nikamwambia, mdogo wangu kafungiwa chumba cha ndani, njoo na chuma, mlango wa nje una komeo. Akakata. Hakusema sawa, hakusema kwaheri.

KITINDA: Kakasirika.

DADA: Sijui. Nimekaa na simu mkononi nikawaza kakasirika, halafu nikawaza mama. Tusikilize. Unasikia kitu?

KITINDA: Feni.

DADA: Zaidi ya feni.

KITINDA: Hakuna. Dada, joto limezidi.

DADA: Vifungo?

KITINDA: Kimoja nilishafungua. Sikumbuki lini.

DADA: Funga.

KITINDA: Vidole—

DADA: Basi kumbatia mwili kwa mikono. Kaza. Sema kabla.

KITINDA: Zimekwisha.

DADA: Haziishi. Nilipendwa kwanza, kabla sijajua kushona. Sema yako.

KITINDA: Kabla sija... kabla sijaenda shule.

DADA: Kabla sijamdanganya mteja hata mmoja.

KITINDA: Hiyo zamani sana.

DADA: Zamani sana, ndiyo. Yako.

KITINDA: Kabla sijavunja kioo cha baba.

DADA: Kumbe ni wewe.

KITINDA: Ni mimi. Nilisingizia upepo.

DADA: Nilichapwa mimi kwa upepo huo. Endelea.

KITINDA: Kabla...

(Ngurumo. Mtandao unakoroma.)

DADA: Kabla nini?

KITINDA: Kabla ya...

DADA: Kitinda, malizia. Kabla ya nini?

(Kimya.)

DADA: Basi nitasema mimi, wewe itikia tu. Kabla hujatoa kreti ulipendwa.

KITINDA: Mm.

DADA: Kabla sijakwambia uitoe. Nilipendwa na mimi pia, na ujinga wangu.

KITINDA: Mm.

DADA: Kabla hujapiga simu.

(Kimya.)

DADA: Kabla hujapiga simu, Kitinda. Itikia.

(Kishindo cha mbali.)

DADA: Ni wewe huyo? Umeanguka?

KITINDA: Si mimi.

DADA: Ni nini?

KITINDA: Kitu kimegonga.

(Kishindo. Kishindo kingine. Chuma juu ya chuma.)

DADA: Ni komeo hilo. Ni yeye. Gonga na wewe, ajue uko wapi. Gonga kwa kiatu.

KITINDA: Mguu mzito.

DADA: Gonga kwa mkono.

(Pigo moja, hafifu.)

DADA: Tena.

(Hakuna pigo. Kishindo cha chuma kinakoma.)

DADA: Mbona kimya? Kavunja au kaacha? Kitinda, kavunja?

(Ngurumo.)

DADA: Jamani, semeni kitu mtu yeyote. Baba, Mungu wangu, huyu ndiye wa mwisho. Mama aliniachia huyu tu.

KITINDA: Dada.

DADA: Naam. Niko hapa.

KITINDA: Naona mwanga.

DADA: Mwanga gani?

(Kimya.)

DADA: Kitinda, mwanga gani?

(Mtandao unakoroma.)

DADA: Nijibu, mdogo wangu, tafadhali. Wa wapi? Ni mwanga wa wapi?

(Mlio mrefu wa bawaba. Ngurumo inabadilika, inakuwa ya mbali.)

KITINDA: Wa tochi.

DADA: Sema tena.

KITINDA: Ananimulika machoni. Mwambie ashushe.

(DADA analia.)

KITINDA: Ananivuta. Anavua koti lake. Dada, usilie, sisikii anachosema huyu. Anasema... anasema alikimbia toka getini. Kaanguka kwenye ngazi.

DADA: Kaumia?

KITINDA: Goti lake liko nje lote.

DADA: Kavunjika goti?

KITINDA: Suruali. Suruali imetoboka goti. Ndiyo aliyobaki nayo, nyingine iko kwako. Anatetemeka kuliko mimi. Mikono yangu bado siisikii, lakini yeye ndiye anayelia. Mmalizie mtu suruali yake, da—

(Simu imekatika.)

DADA: Haloo? Kitinda? Haloo?

(Kimya.)

DADA: Chaji hiyo. Ni chaji tu. (Kimya.) Yuko njiani, mlinzi anamtoa, yuko njiani.

(Kiti kinasogea. Cherehani inazunguka polepole, inasimama, inazunguka tena.)

DADA: Nilipendwa kwanza. (Kimya.) Kabla sijamaliza suruali ya watu.